Kifungu cha Saba

Yuro arubaini na moja, Taisto.
Ulizitamka kama mtu anayehesabu meno yaliyong'oka.
"Nimlipe nisiyemjua
anibashirie kuvunjika?"
Ukaikunja karatasi, ukaibana chini ya kopo la kahawa,
ukatoka kwenda kuchanja kuni.

Sikubishana. Nilifungua friza,
nikatoa ndoo mbili za matunda ya kinamasi,
yale ya rangi ya dhahabu tuliyochuma Agosti
mbu wakitula masikio,
nikamuuzia mke wa mchungaji.
Akiba haiozi, hasa ikigandishwa.
Nikalipa bima. Sikukwambia.

Siku ya tano Alanya
ngazi za hoteli zilikuwa zimetoka kupigwa deki
nawe umevaa zile ndara nilizokukataza.
Nilikusikia kabla sijakuona:
tawi la msonobari lililoelemewa na theluji.
Nyonga.
Kisha, baada ya siku tatu za kulala chali, mapafu.

Daktari Nurhan alinichorea pafu nyuma ya risiti,
akaijaza wino nusu yake ya chini.
Hatukuwa na lugha moja, ila wino ule niliuelewa.
Mhasibu naye alikuja na tarakimu,
na tarakimu hazina haja ya mkalimani.

Herufi za hati ni ndogo mno, niliazima miwani yako
ukiwa umelala, oksijeni ikikunong'oneza puani.
Nikaisoma yote, kwenye korido, usiku kucha,
mimi ambaye hata maelekezo ya jiko jipya sikuyamaliza.

Kifungu cha saba, (a): kumrejesha mgonjwa kwao,
daktari akiridhia.
Kifungu cha saba, (b): kurejesha maiti,
pamoja na jeneza la bati
"lenye ubora wa kawaida."
Kati yao, mstari mmoja mweupe.
Ada ile ile.
Niliweka kidole gumba juu ya (b)
na sikukiondoa hadi alfajiri.

Simuni, binti wa Helsinki, jina lake Pihla:
"Je, alikuwa na maradhi yoyote kabla ya safari?"
Nikafikiria kiburi chako.
Nikafikiria miaka hamsini na miwili ya ukimya,
na namna unavyosema "kahawa imepoa"
ukimaanisha "nisamehe."
"Presha kidogo," nikasema. "Niliijaza kwenye fomu."
Nikasikia vidole vyake vikibofya, vikitua, vikibofya tena.
Sijawahi kukipenda kitu nisichokiona
kama nilivyoupenda mlio ule.

Walilaza viti tisa kwa ajili ya machela yako.
Wewe usiyekubali kupishwa hata kimoja kwenye basi la kanisa
ulipaa juu ya viti tisa,
pazia la buluu limekuzunguka kama bwana harusi.
Muuguzi Joona, kijana mwenye chale ya samaki shingoni,
alihesabu pumzi zako kila robo saa,
akaziandika kwa kalamu ya risasi
kama muuza duka aandikavyo madeni.
Mimi nilikuwa safu ya ishirini na sita, jirani na choo.
Hilo pia nilikuwa nimelisoma: msindikizaji mmoja, daraja la chini.
Pazia lilipopepea niliuona wayo wako,
na soksi niliyoitia kiraka, nikaona haya
kwamba wageni wameiona.

Rovaniemi, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Mlango ulifunguliwa, baridi ikaingia bila hodi,
ukafumbua macho, ukaivuta kwa pua
kama mtu anayenusa mkate wa kwao.

"Nani amelipa?"
"Kinamasi," nikasema.

Ulinyamaza hadi tukaingia kwenye ambulensi,
hadi mikanda ikafungwa,
hadi taa za uwanja zikabaki nyuma yetu.

"Ndoo ngapi?"
"Mbili."
"Umemuuzia kwa bei ya kutupa," ukasema,
ukanyoosha mkono nje ya blanketi
kuutafuta wangu.